Chumba cha Mama

Kagongwa, 8 Juni 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tunaamka, ingawa mama anaamka kwa kujikongoja. Huko mgodini Geita, kifua chako kimepoa?

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: naiogopa nyumba yetu. Nikiwa likizo natamani shule ifunguliwe. Chumba anacholala mama kimejaa vitu vya marehemu babu mpaka hakuna pa kupitisha ufagio: ngozi za ng'ombe, magunia, ngoma, mikuki, vibuyu vilivyopasuka. Chini yavyo wamo papasi. Bwana Afya alitufundisha shuleni kwamba hujificha kwenye nyufa na chini ya vitu visivyosogezwa, na kuumwa nao huleta homa.

Mama ameshikwa na homa mara mbili tangu nije, na mimba yake ni ya miezi saba. Mimba zile mbili zilizoharibika, homa ndiyo iliyotangulia. Naomba ruhusa nivitoe vitu, tukandike kuta na sakafu upya.

Mwanao,
Limi

Geita, 19 Juni 1953

Mwanangu Limi,

Marahaba. Kifua kinakereketa, lakini kazi naiweza. Natumaini mama yako hajambo.

Vitu vya baba yangu usiviguse. Aliniachia mimi nivitunze, na ndugu zangu wananitazama. Mkataba ukiisha Septemba nitakuja, tuvigawane mbele ya ukoo. Papasi walikuwapo tangu utoto wangu, na nimekua. Mwambie Baba Mkubwa Mabula aangalie asije mtu akavihamisha.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Ngassa

Kagongwa, 3 Julai 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuuliza hali.

Barua yako ilifika siku homa ilipomrudia mama. Nilimsomea yote, sikuruka neno. Akasema, "Rudia pale anapouliza hali yangu." Nikarudia. Kisha akasema, "Anatumaini sijambo. Haya, anza na ngozi."

Baba Mkubwa nilimpa ujumbe wako kama ulivyoagiza. Akaja akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha. Nikamwamkia, nikaomba njia ya kutolea vitu.

"Shule ndiyo imekufundisha kumfukuza babu yako?"

Mama akajibu kutoka kitandani, "Shemeji, marehemu haumwi. Naumwa mimi."

Baba Mkubwa hakusogea. Basi nikaivuta ngozi ya chini kabisa, nikaigeuza pale pale mbele yake. Papasi walikuwa wamejaa kama mbegu za mbarika, wakaanza kutembea. Baba Mkubwa akanyanyua miguu yote miwili. Alikaa hivyo kidogo, kisha akainuka, akaichukua ngoma mwenyewe akaipeleka ghalani. Tangu hapo hajanisemesha, wala sijui atakuandikia nini.

Mama hajapona. Mtoto bado anacheza tumboni. Jana mama aliuweka mkono wangu hapo nihisi.

Ngozi nzima nimezianika juani, mikuki nimeiweka ghalani pamoja na ngoma. Magunia na vibuyu vibovu nimevichoma. Hilo siwezi kulirudisha, na ukikasirika, nikasirikie mimi, si mama. Barua hii nampa dereva wa lori la pamba, halafu nakwenda kuchota maji. Ukuta mmoja tumeshaukandika, zimebaki tatu.

Mwanao,
Limi