Nguo za Arusi Nilizomshonea Mwanasesere

Usagara, Alhamisi, Juni 1956

Mvua ilitulia asubuhi, sasa alasiri imerudi. Cherehani sijaigusa. Nimekaa kitandani na daftari hili, mlango nimeurudisha.

Mwanasesere huyu wa kauri nilipewa na familia iliyokuwa ikihama kutoka shamba la mkonge, Muheza. Hakuwa na mkono wa kushoto wala nywele. Mkono nikamchongea wa mti, nywele nikamshonea za katani niliyoitia rangi nyeusi. Kisha nikaamua kumvika kama mama siku ya arusi yake. Mama alifariki nikingali nanyonya, na picha yake haipo hata moja.

Aliyenieleza nguo hizo ni mama mdogo Zuhura, ndugu yake mama, aliyenilea. Mwezi mzima alikaa kando yangu akinitajia: suruali ya marinda, kanzu ya hariri ya zambarau, tarizi ya uzi wa dhahabu kifuani. Nikikosea, ananifumulisha.

"Marinda yalikuwa membamba zaidi," ananiambia.

Nikaona jinsi alivyompenda dada yake, hata akakumbuka marinda.

Leo asubuhi nilikwenda Makorora kwa Bi Mwanaisha, kungwi aliyemfunda mama. Nilitaka kumfurahisha. Nikamwamkia shikamoo, nikamfunulia mwanasesere. Akaigusa ile kanzu.

"Mbona umemvalisha kama Zuhura?"

Nikamwambia ni nguo za mama.

"Alishonewa mama yako, kweli," akasema. "Wiki ya arusi bwana arusi akageuka, akamtaka mdogo mtu. Zuhura akakubali, na nguo akazivaa yeye. Mama yako alipokuja kuolewa na baba yako, alivaa kanga ya kisutu ya kuazima. Ilikuwa yangu."

Sikumbuki nilirudi kwa njia ipi.

Mama mdogo nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, ile kanzu ya zambarau aliivaa nani?"

Hakukana. Vidole vyake viliendelea kwenye ungo. "Ulikuwa ukiuliza kwa hamu, mwanangu. Sikuwa na arusi nyingine ya kukueleza. Ya mama yako sikuhudhuria."

Huyo bwana alikwisha kufa zamani, wala si yeye anayeniuma. Kinachoniuma ni mwezi ule. Mimi nashona huku nikimlilia mama, na yeye kando yangu anajitazama mwenyewe akiwa bibi arusi.

Nimemvua mwanasesere. Nguo nimezikunja, nikampelekea mama mdogo. Amezipokea kwa mikono miwili, hakuniinulia macho.

Mtu huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa na homa, akaninyima kufa. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonitia hasira zaidi.

Jumamosi nitarudi kwa Bi Mwanaisha anieleze kile kisutu, maua yake na pindo lake, nianze upya. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitamwamkia mama mdogo kama siku zote. Shikamoo itatoka. Neno la pili, la kumwita mama, sijui kama ulimi utalikubali.