Tundu kwenye bomba la Baba

Shoga, uko wapi? Nimejifungia stoo ya unga, nalia.

Unalijua lile pipa la Baba hapa kiwandani, linalopashwa na joto la bomba la moshi wa tanuri la mikate. Uji wa muhogo ndani, na vile vimeng'enya vyake vya kuugeuza shira. Leo ndiyo alikuwa amwonyeshe meneja. Kavaa hadi koti lake la harusi.

Sasa jana niliona tundu kwenye bomba, joto linatoka bure. Nikaliziba kwa udongo. Nilijua namsaidia. Si yeye kila siku "joto lisipotee, joto lisipotee"?

Kumbe alilitoboa mwenyewe, kupunguza joto. Bila lile tundu pipa linachemka, na vimeng'enya vikichemka vinakufa.

Meneja kaonja. "Mzee, huu ni uji."

Uji, shoga. Mbele ya wafanyakazi wote.

Baba akaonja. Akaonja tena. Akasema taratibu, "Nimekosea mimi. Siku hizi nasahau."

Na unajua anavyouogopa huo usahaulifu, tangu alipopotea njia ya nyumbani.

Meneja akamshika bega, akamwambia apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha.

Tulipobaki wawili akavua funguo za stoo shingoni. "Shika wewe, mwanangu. Mimi si wa kuaminiwa tena."

Nikazipokea. Nimezipokea, shoga.

Sasa hivi namsikia huko nje, kasimama kwenye bomba, anajiuliza kwa sauti hili tundu aliliziba lini.