Mama Yake Shomari Ukutani Kwangu

Ijumaa, jioni. Mvua iliyotuchapa tangu asubuhi imekatika, mto unanguruma, na mlima Bondwa bado umejifunika ukungu kichwani. Leo nina furaha. Si furaha nzuri, lakini ni yangu, na nimeingoja muda mrefu.

Leo nimemlipa Shomari.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumweleza. Shomari ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu zimetaniana tangu enzi za mababu huko juu milimani, kabla Mdachi hajajenga boma wala kuleta reli. Mtani akikutukana, unacheka. Akikukamatia kuku wako msibani, unamkomboa na bado unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako, na wazee watakutoza faini wewe, si yeye.

Mwaka jana mama alipougua nilipanda nyumbani na kasha langu la kupigia picha, lile aliloniachia bwana mmoja wa reli alipopata jipya. Nilimkalisha mama mlangoni nikampiga picha. Kilikuwa kimebaki kioo kimoja tu cha kunasia sura. Na kioo kikishanasa sura ni kama mwali: hakitoki nje, kinafichwa gizani mpaka kioshwe kwa dawa. Dawa zangu zilikuwa huku chini, Kilakala. Kabla sijashuka, mama akafariki.

Msibani Shomari alilikamata kasha. Akapanda nalo juu ya kinu, akapiga kelele, "Jamani, marehemu mmemfungia humu! Mama, toka nje, jua limewaka!" Akachomoa kibao kinachoziba kioo, akakielekeza kioo juani, akakichungulia mbele na nyuma. "Mbona hayumo? Au amekwenda kuteka maji?" Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Na mimi nilicheka. Nilicheka huku sura ya mama inaungua mkononi mwake.

Huenda hakujua jua linafanya nini kwa kioo. Sitaki kumuuliza. Ninachojua ni kwamba mama hakuwahi kupigwa picha nyingine, na wadogo zangu wameshaanza kubishana kama alikuwa na kidoti shavuni au la.

Tangu siku ile nimejifunza kupiga picha kwa hasira. Zamani nilikuwa najifurahisha tu. Vichwa vilikatika, kanzu zilitoka kama unga uliomwagika, nyuso zikawa nyeusi tii, hazina macho. Linaloniuma ni kwamba hata ile ya mama sijui kama ingetoka. Lakini nilijua kwamba ipo siku Shomari atataka picha, maana naye ana mama. Na picha mbaya haimuumi mtu akiikosa. Ilibidi iwe nzuri.

Vioo ni ghali, kwa hiyo kwanza nilijifunza bila vioo. Niliweka kasha tupu mbele ya mtungi uani, asubuhi, mchana na jioni, nikajifunika kitambaa cheusi na kutazama kivuli kinavyohama. Majirani walidhani nimerogwa. Waache wadhani. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba jua la saa sita linachimba mashimo machoni mwa mtu, na kwamba mwanga mzuri ni wa mawingu, au wa kibarazani, pale ukuta wa chokaa unaporudisha nuru usoni. Nilifungua na kufunga kifuniko nikihesabu pumzi, mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

Nilipopata vioo nilianza na kinu, kwa kuwa hakipepesi macho. Kisha mbuzi aliyelala. Kisha wazee wa mtaani, ambao ukiwakalisha wanatulia, si kama vijana. Kila picha iliyoharibika niliiweka mbele yangu nikaitazama mpaka nijue kosa liko wapi. Mara nyingi kosa lilikuwa haraka yangu. Kisasi kilinifundisha kwenda polepole, jambo ambalo mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alishindwa kunifundisha kwa bakora.

Zilizotoka vizuri nilizitundika barazani, wapita njia wazione. Nilikuwa natega.

Jumatatu akanasa. Aliingia bila kunitania, nikajua ana shida. Dada yake aliyeolewa Kisaki anakuja Jumapili kumchukua mama yao, akamtunze huko. "Miguu yake imekwisha, mtani. Akienda, naona harudi," akasema. "Nipigie sura yake nibaki nayo."

Nikamwambia amlete.

Bi Tatu, mama yake, alikuja kesho yake, amevaa kanga mpya. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Nikae vipi nisije nikakuharibia?" Nilimkalisha kibarazani, nikangoja wingu lifunike jua, nikamwambia anitazame mimi, asilitazame kasha. Akanitazama bila kupepesa. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Kila kunyanzi la uso lipo, na macho yako hai.

Leo baada ya sala Shomari akaja kuichukua. Nilikuwa nimekwisha kuitundika ukutani, ndani. Alipoiona akanyoosha mkono, nami nikaushika mkono wake.

"Mtani, huyu nimemkamata. Ni wangu. Ukimtaka, uje umwamkie hapa."

"Haya, nimkomboe kwa kitu gani? Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Mbuzi?"

"Mbuzi ninaye."

Majirani wawili walikuwa mlangoni, wameshaanza kuangua kicheko. Shomari aliwatazama, akanitazama, na yeye akacheka, kwani angefanya nini? Alicheka meno yote nje huku macho yake hayatoki kwenye picha. Nakijua kicheko kile. Nilikitazama mpaka mwisho, nikashiba.

Kioo chake kipo salama sandukuni. Kesho jua likitoka naweza kumchapia nakala nyingine kabla dada yake hajafika. Ni kazi ndogo tu.

Sitaifanya.

Ila kuna kitu sikukitegemea. Shomari alipoondoka mikono mitupu, nilikaa nile ugali wangu kwa raha. Bi Tatu alikuwa ananitazama kutoka ukutani, mahali ambapo picha ya mama yangu ingekaa, na macho yake yalikuwa macho ya mtu anayemtazama mwanawe. Nikalirudisha tonge sahanini. Nilihama upande wa pili wa chumba, bado ananitazama. Nimeweka sahani chini, nimelia kama mtoto, na hata sijui nimemlilia nani.

Nimeigeuza picha, uso umeelekea ukutani.

Shomari akija kesho, nitaigeuza tena aione.