Mafuta ya Waridi Katika Behewa la Mwisho

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo, ila goti langu bado lakorofisha.

Ile kahawa niliyokutumia, uliandika kwamba harufu yake ilikurudisha nyumbani. Leo nimefungua pakiti mwenzake. Inanuka mafuta ya taa tupu, kumbe nilizibeba kikapu kimoja na dumu lililovuja. Hata paka kaikimbia.

Wewe tuliyekubatiza Pua tangu utotoni, unayelipwa kuwaeleza wageni wa treni ya kale mvinyo unanukia nini, hukusikia? Dalili ya mvua ni mawingu. Unanificha nini?

Dada yako

19 Machi

Shikamoo dada,

Pole na goti. Kahawa niliisifu kwa adabu tu, ungetaka niitukane zawadi?

Kazi inakwenda. Kituo cha kwanza namimina mweupe, tukivuka daraja namimina mwekundu. Wageni wanazungusha glasi, wananusa, wananitazama. Nikitaja tunda, wote wanatikisa kichwa kukubali. Wewe hata kuku akitaga unamshuku.

Mdogo wako, Pua

21 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nakuja. Jumamosi nilipanda treni yako, behewa la mwisho, na miwani myeusi na kofia pana. Nilijipaka mafuta ya waridi ya marehemu mama, yale uliyoyanusa kabatini baada ya mazishi ukalia hadi ukalala.

Uliniinamia mara tatu na chupa. Hukushtuka. Ukatangaza kwamba mwekundu ule una harufu ya plamu na moshi kidogo. Moshi ulikuwepo kweli, breki chini yetu ilikuwa inaungua. Mgeni wa nyuma yangu ndiye aliyekwambia, nawe ukacheka kwanza.

Baba alikuwa gadi wa treni. Alitufundisha kwamba moto wa behewa hugunduliwa na pua kabla ya macho, na mfanyakazi wa behewa lile ni wewe peke yako. Nilishuka bila kukusalimia, kwa hasira na kwa hofu. Mwambie mkuu wa treni kabla mwezi haujaisha, la sivyo nitamwandikia mimi.

Nimekufungia pamoja na barua hii chupa ya mafuta ya mama.

Dada yako

2 Juni

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Ni ile homa ya mwaka jana. Nilipona, pua haikurudi. Nikawa nakariri maandishi ya nyuma ya chupa.

Nilimwambia mkuu wa treni siku ileile barua yako ilipofika. Hakufoka. Behewa lina mtu mwingine, mimi nakata tiketi getini.

Mvinyo hauniumi. Kinachoniuma ni kwamba uliketi pale na harufu ya mama, nami nikakuuliza, "Nikuongeze, bibie?"

Daktari kasema ninuse kila asubuhi kitu ninachokijua. Huu ni mwezi wa pili naifungua ile chupa ya mama, na bado sisikii kitu. Naifunga upesi, mafuta yasije yakaisha kabla sijayasikia.

Mdogo wako