Chakula cha Msiba wa Mama

Ijumaa, 7 Novemba

Baushar, nyumbani kwa Mama. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu. Kaka Nasor kala sahani mbili, kisha kakomba ukoko. Kwangu hajatia tonge mdomoni tangu nilipopata leseni ya uwakili. Yeye jaji, mimi wakili, basi yamekwisha. Hata kahawa hanywi. Harusi ya mwanangu alikuja na chupa yake ya maji mkononi, watu wakamcheka mpaka nikaona haya mimi.

Mama ndiye aliyetuamua: kwake hakuna jaji wala wakili, kuna watoto wake. Ndiyo maana kila Ijumaa tuko sinia moja, tunanyang'anyana mapande ya nyama na mvi zetu hizi. Habari za kazi hatuzitaji. Ofisi yetu ina kesi mbele ya Kaka, mteja wetu anagombea kiwanja na mjane mmoja wa Sib. Anaiendesha bosi wangu, Ustadh Hamdun. Mimi siigusi wala siiulizi.

Leo Mama hakula. Kasema kinywa kichungu. Rangi yake sikuipenda.

Jumanne, 11 Novemba

Hospitali. Mapafu. Daktari anazungusha maneno. Kaka kakaa kushoto kwa kitanda, mimi kulia. Mama kafumbua macho, katuuliza leo nani kampikia mwenzake. Tukatazamana.

Nnaogopa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama kafariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nyumba ya Mama imejaa. Wanawake ndani, wanaume kwenye sabla, ukumbi wa mtaa, ng'ambo ya njia, Kaka anapokea mikono ya watu. Jiko limezimwa. Mfiwa hapiki, analetewa.

Jana jioni masinia ya kwanza yalitoka kwa Ustadh Hamdun, bila hata kuombwa. Watu wamekula, na mimi nimekula, mara ya kwanza tangu Jumanne. Leo Shangazi Zuwena kanishika mkono: jamaa wa Unguja wanateremka kwa ndege kesho asubuhi, watakula nini? Akili sina. Nikaandika kwenye kundi la simu la mawakili: anayependa kutuletea chakula cha kesho aniambie. Majibu yakamiminika. Ofisi sita zimechangishana, Ustadh Hamdun yuko mbele.

Wamenihurumia. Nimefurahi kuhurumiwa, siku nzima nilikuwa nahurumia wengine. Kesi ya kiwanja ilinipita kichwani, nikaifukuza. Mama si kesi.

Jumamosi, 15 Novemba

Aibu. Aibu gani hii!

Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, nimeona kwa macho yangu. Gari mbili zimesimama mbele ya sabla, masinia ya wali na mbuzi yanashushwa, moshi unafuka. Kaka kauliza yanatoka kwa nani. Dereva katangaza majina ya ofisi kwa sauti, kwa fahari. Kaka kayarudisha garini. Yote. Mbele ya jamaa waliotoka uwanja wa ndege na njaa zao. Katuma dukani mikate na maziwa ya laban, ndicho walichokula. Wazee wameinamisha vichwa. Shangazi Zuwena kalia upya: chakula cha msiba kinarudishwa? Marehemu kakosa nini?

Kisha kaja mlango wa nyuma, kaniita. Swali moja tu.

"Na kile cha juzi, nilichokula, kilitoka wapi?"

Nikamwambia. Kakaa pale pale kizingitini, mtu mzima, kajifunika uso kwa kilemba chake.

Badala ya kukaa naye nikampigia kelele. Kwamba na mimi nimefiwa. Kwamba wale ni wenzangu, wameniletea mimi. Mama mmoja, wafiwa wawili, kwa nini msiba uwe wake peke yake? Kaondoka bila kuaga.

Nnamchukia leo. Na nilimwona mabega yake yanavyotikisika.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimerudi kazini. Kila mtu pole, pole, na hakuna anayenitazama usoni. Ustadh Hamdun kanipa pole vizuri mno. Kuhusu masinia hakuonyesha hata kinyongo. Kaagiza kahawa, kisha kauliza kama ni kweli kaka yangu kajitoa kwenye kesi ya kiwanja.

Nilikuwa sijui. Yeye keshajua. Kumbe Kaka kaandika jana: kala chakula cha upande mmoja, hawezi tena kuwahukumu. Kesi inakwenda kwa jaji mwingine. Na mteja wetu tangu mwanzo anachotaka ni kuivuta tu, mjane wa watu achoke.

Kahawa sikuinywa.

Sijui kama Ustadh alipanga. Wallahi sijui. Labda alileta kwa moyo safi, halafu ikamfaa. Nimemtazama sana, sikuona kitu. Ninachojua ni kwamba Kaka hakuuliza chakula kile kwa sababu aliniamini mimi.

Jumatano, 26 Novemba

Mahakamani, kwenye ngazi. Mjane wa Sib. Kaambiwa kesi yake ianze upya, tangu alifu, mashahidi warudi wote, na mmoja wao keshakufa. Mimi hanijui. Kaona joho langu la uwakili, kaniuliza yule jaji aliyekuwa akimsikiliza, je, anaumwa? Nikamwambia hapana, kafiwa na mama yake.

Akasimama pale pale na mfuko wake, kanyanyua mikono, kamwombea dua mama yangu.

Nikaingia chooni nikajifungia. Nimelia mpaka nikachelewa shauri.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimefungua nyumba ya Mama. Nimepika pilau yake. Nimemtumia Kaka ujumbe, hakujibu. Nimekaa mpaka alasiri. Hakuja. Pilau nimewapa majirani, sufuria nzima.

Nimejidanganya kuwa ile ni nyumba ya Mama. Mama hayupo. Mle ndani kuna wakili anapika. Tumempoteza yeye, tumepoteza na sinia lake.

Ijumaa, 5 Desemba

Sikumwita. Nilikuja kufagia tu. Adhuhuri imetoka, nasikia gari.

Kaka kaingia na mifuko. Kavua kandambili mlangoni kama Mama alivyotaka, kapita moja kwa moja jikoni. Katoa kimoja kimoja, bila kunitazama. Nguru, kamnunua soko la Matrah asubuhi. Mchele. Nazi. Nyanya, vitunguu, ndimu. Mwisho kabisa pakiti ya chumvi.

Nikacheka. Hata chumvi kaja nayo! Nikamuuliza, na gesi je? Kasema mtungi kaununua yeye, kabla Mama hajaumwa. Alikuwa hafanyi mzaha. Hapo nikalia.

"Pika, Salma. Nna njaa."

Nimempika wa kupaka. Tui limenikatikia, macho hayaoni kwa machozi. Tumekula sinia moja. Ya masinia yale hakuyataja, wala mjane sikumtaja. Kanisogezea mapande yote ya tumboni. Wakili kala chakula cha jaji. Sheria inayolikataza hilo siijui, na sitaitafuta.

Kaka kalala kidogo kwenye kochi la Mama. Nimeosha vyombo. Kikopo cha Mama cha chumvi kimo kabatini, kimefika nusu. Sikukigusa.