Zitoe Betri Nilizokutumia

Karakana ya Redio na Betri,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 14 Mei, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kengele,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo humo ndani. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto ameshasimama au bado anajikokota kwa makalio kama baba yake zamani? Jumapili nilipokupigia sikuuliza hata moja kati ya hayo, na baada ya kukata simu niliona haya. Mwili wangu mzima. Nafsi ndiyo haijatulia. Tangu asubuhi nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimeinuka kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka. Najua utaguna, lakini nakuomba uinuke. Kitazame hicho kiko chako cha umeme, hicho cha kuvuta mvuke badala ya sigara. Kama zile betri mbili nilizokutumia bado zimo, zitoe. Zibandike utepe ncha zote mbili, ziweke ndani ya kopo mbali na kitanda cha mtoto, halafu rudi uketi. Nakusubiri.

Sasa nikwambie. Mjomba ameungua. Kwenye simu nilisema amepata ajali kidogo kazini na yuko salama. Ile "kidogo" niliitia mimi.

Ilikuwa Alhamisi, wiki mbili zilizopita. Mjomba alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi dari la ofisi mpya, ghorofa ya pili. Unajua tangu aache sigara hatembei bila kile kiko chake, na kwa kuwa betri yake humwishia kabla ya adhuhuri, alikuwa na ya akiba mfuko wa kulia, pamoja na funguo za nyumba. Fundi plasta aliyekuwa naye ndiye aliyenisimulia. Anasema alisikia mlio kama tairi linalotolewa upepo, akageuka kutafuta tairi. Kisha akaona moshi unatoka kwenye suruali ya Mjomba, na baada ya moshi, moto.

Mjomba hakushuka ngazi, aliruka. Madebe ya rangi na tina ya kuizimulia yalikuwa hatua nne tu kutoka pale alipoangukia. Fundi plasta akaichana suruali kwa kisu cha kazi, akammwagia ndoo nzima ya maji aliyokuwa ameyateka kwa ajili ya saruji. Yule bwana hana maneno mengi, lakini siku hiyo alifanya la maana. Bila yeye, sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Paja limeungua kutoka mfukoni mpaka karibu na goti. Na vidole viwili vya mkono wa kulia, kwa sababu alijaribu kuichomoa ile betri kwa mkono. Ni vile vidole vya kushikia brashi. Alilazwa siku tisa, sasa yuko kwa mama mdogo, chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Muuguzi anasema vidole vitakunjika, ila si leo wala kesho.

Sasa hili ndilo nililoshindwa kukwambia kwa simu. Kila anayeingia pale kumjulia hali anasema jambo lilelile: "Na wewe mzee, betri na funguo mfuko mmoja!" Naye anaitikia, "Kosa langu, kosa langu." Ameshalisema mpaka limekuwa kama kiitikio. Na mimi nimekaa pembeni ya kitanda namenya chungwa, kimya, macho makavu.

Kengele, betri ile ilitoka kwangu. Na ganda lake lilikuwa limechanika, na nililiona.

Mjomba alikuja nayo hapa karakanani siku sita kabla ya ajali. Alikuwa na haraka, mimi nina wateja watatu mbele yangu. Akanionyesha ganda limechanika karibu na kichwa, chaja imelikwaruza. Betri hizi, nje yake yote ni chuma, na chuma hicho chote ni upande wa hasi. Kinachokitenga na kile kichwa cha chanya ni ganda la plastiki jembamba kama ngozi ya kitunguu, na kiringi cha karatasi. Likichanika pale, kitu chochote cha chuma kikigusa huku na huku kimeshapiga shoti. Haya nawafundisha wateja kila siku. Maganda mapya nilikuwa nayo kwenye droo ya chini, ni kuivalisha betri ganda na kulipasha joto, dakika tano tu. Nikachukua utepe wa kufungia vifurushi, nikazungusha mara mbili. "Tayari, Mjomba." Akanishukuru. Akaniambia hakuna fundi kama mimi.

Utepe ule ukikutana na joto la mfukoni na jasho unaachia. Nilijua hata hilo.

Wala si hilo tu. Betri zenyewe zilitoka kwenye boksi la betri kumi nililouziwa na muuzaji mgeni aliyekuja na begi, anaongea haraka kuliko redio. Mbili nikampa Mjomba, mbili nikakutumia wewe kama zawadi, sita zikabaki. Juu yake imeandikwa namba ya uwezo wa kuhifadhi umeme, kwa miliampea-saa: elfu tisa na mia tisa. Betri za kweli za ukubwa ule ninazozifahamu huishia elfu tatu na mia tano hivi. Nilicheka nilipoisoma. Nikajiambia namba tu ndiyo inayodanganya, betri yenyewe itakuwa nzuri. Hebu nambie, mtu mwenye akili zake hujiambia hivyo?

Baada ya Mjomba kulazwa nilifunga duka nikazibeba zile sita kwa sonara wa mtaa wa pili, anipimie kwenye mizani yake. Betri nzuri ya namna ile ina gramu arobaini na tano hivi. Moja ilikuwa thelathini na moja. Nyingine thelathini na nane. Hakuna hata mbili zilizolingana. Sonara akaniuliza, "Hizi ni ndugu au ni majirani?" Sikuweza kucheka.

Nikarudi nikalichana ganda la moja. Chini yake kulikuwa na ganda jingine, la zamani, limefifia, na kwenye ncha kuna alama za kuchomelea. Maana yake ilishawahi kuishi ndani ya kompyuta ya mtu, ikafa, ikatolewa, ikavalishwa nguo mpya ikaletwa sokoni. Nililiketia lile benchi mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndipo nilipokupigia Jumapili. Nikasema, "Zitoe hizo betri, usiniulize kitu." Ukacheka. Ukasema, "Dada, umeanza kuzeeka," kisha ukasema "sawa, sawa" mara mbili. Nakujua. Ukisema sawa mara moja umekubali, mara mbili unataka nikate simu. Na wifi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kiko chako unakichaji dirishani, juu ya godoro la mtoto, na kwamba betri moja imeanza kuchubuka. Tangu hapo silali vizuri, sili vizuri, na mteja akinisemesha namjibu mambo ya mtu mwingine.

Nisubiri kidogo, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa anataka waya wa pasi.

Kama utaendelea na hicho kiko, na siko hapa kukuhubiria, ingawa ningependa uache vyote, basi tafuta betri kwa akili. Usinunue kwa mtu mwenye begi. Nunua dukani, duka ambalo ukirudi na malalamiko utamkuta yuleyule. Soma kwanza karatasi ya kifaa chako inataka umeme wa ampea ngapi, maana kiko huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na si kila betri inaweza. Betri iwe na uwezo wa kutoa kuzidi kile kinachoombwa, bila kujitutumua. Wauzaji wanapenda kukuonyesha ile namba kubwa ya kuhifadhi. Wewe uliza ile ya kutoa, mfululizo, si ya kufumba na kufumbua. Na ukiona namba inayokufanya ucheke, weka chini uondoke.

Kiko chako kinakula betri mbili. Hizo mbili zinunue siku moja, aina moja, ziweke alama kwa kalamu, zitumike pamoja na zichajiwe pamoja. Ukichanganya nzee na mpya, moja inamfanyia mwenzake kazi na kuchemka. Na kabla hujazitia, tazama mshale wa chanya na hasi. Usicheke, watu wazima wanakosea.

Chaji mezani, uko macho, uko karibu, kwa chaja inayotambua betri ikijaa ikaacha. Si dirishani kwenye jua. Si juu ya godoro. Ya akiba iwe kwenye kasha lake la plastiki, peke yake. Ikivimba, ikipinda, ikitoa harufu tamu ya ajabu au ikachubuka ganda, usiionee huruma na usiitupe kwenye taka. Ipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu. Na usimruhusu fundi yeyote aifunge utepe, hata akiwa dada yako.

Jana nilipiga moyo konde nikaenda kwa Mjomba. Mama mdogo alikuwa anambadilisha mto. Nilisubiri atoke, nikaufunga mlango, nikamwambia yote, lile ganda, ule utepe, lile boksi. Nilisema nimesimama, kwa sababu nikiketi ningelia kabla sijamaliza.

Akautazama mkono wake uliofungwa bandeji, akaugeuza huku na huku kama wa mtu mwingine. Kisha akasema:

"Kengele anazo hizohizo?"

"Anazo. Nimempigia azitoe."

"Umemwambia ulijua?"

"Bado, Mjomba."

"Basi mwandikie. Kwa simu atakutania, na wewe utafurahi kutaniwa. Mwandikie, ukimaliza uje unisomee. Usije kabla."

Akageukia ukutani. Sikujua kama amekasirika au amechoka. Nilitoka mama mdogo akinifuata na chai, nikampita kama simwoni. Nimwombe radhi na yeye pia.

Jumatano, saa kumi jioni.

Nilikuwa sijaifunga barua. Wifi amenipigia asubuhi hii. Anasema jana ulipotoka kazini alikusimamia mlangoni kama askari mpaka ukatoa zote mbili. Moja ilikuwa kwenye kiko, umeichanganya na betri yako ya zamani, ya pili kwenye mfuko wa koti lako la kazi pamoja na sarafu, imechubuka upande mzima. Sarafu, Kengele! Sasa ziko ndani ya kopo la mchanga mkavu nje ya nyumba. Nilimwomba arudie mara tatu. Nilipokata simu nilitaka kucheka nikajikuta nalia, mteja akanipa leso yake na wala hakuuliza.

Zile sita, pamoja na ile ya pili ya Mjomba, nami nimezipeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Muuzaji wa begi hajaonekana tena. Nimebandika karatasi ukutani, maandishi makubwa, kwamba hapa hatufungi betri kwa utepe. Watu wanaisoma na kunitazama. Acha wanitazame.

Kisha nikaenda kwa Mjomba nikamsomea barua yote, tangu salamu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye "Tayari, Mjomba," aliyafumbua. Nilipomaliza nikaanza kuzikunja karatasi, nikisubiri kufukuzwa.

"Umejiandikia makosa yote peke yako," akasema.

"Si ndiyo ukweli?"

"Ukweli nusu. Ulishaniambia nini kuhusu funguo?"

Nilikuwa nimemwambia, mara mbili, mwaka jana na mwaka huu. Hata kasha la plastiki nilimpa. Yeye alilitumia kuwekea sindano zake za kushonea vifungo.

"Basi andika na langu," akasema. "Mwambie Mjomba alipewa kasha akatia sindano. Mwambie Mjomba alimwita dada yako mwoga. Akisoma kwamba wewe tu ndiye uliyekosea, ataona wengine wote tuko salama. Andika hapahapa, nakuona."

Nikaandika hayo ya funguo, kasha na sindano juu ya goti langu, yeye akinitazama, na mwandiko ndio huo unaouona umepinda. Nilipomaliza akasema bado ana hasira na mimi, na kwamba itakwisha ikiisha, nisiikimbize. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto akaniambia nimmenyee chungwa.

Basi mdogo wangu, hasira zako nazo nitazipokea zikija. Ziandike, usizitanie. Kama hutaki zawadi tena kutoka kwangu, nitakuelewa.

Mama mdogo anakusalimu sana na anauliza kama mmepata mahali pa kuishi pasipo na unyevu. Shangazi mkubwa anakusalimu, mguu wake umepoa. Binamu yetu Mdakuzi anakusalimu na ana habari zako ambazo hata wewe huna. Fundi plasta amesema nimtaje. Msalimu wifi, mwambie nina deni kwake la kumkumbatia. Mbusu mtoto kisogoni.

Mungu awazungushie ulinzi wake, usingizi wenu uwe mzito na asubuhi yenu nyepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa umenuna,

Fundi Betri