Mvuke wa Petroli

Ulemo, Iramba

Kwako dada Mosi,

Shikamoo. Huku alizeti tumeshavuna, na mama ameanza kushika kijiko mwenyewe.

Dada, kwenye simu nilikwambia mama aliungua kwa uji. Nilikudanganya. Nilikuwa namimina petroli ya pikipiki palepale jikoni, hatua nne kutoka kwenye jiko lake. Mama akauliza, "Anuari, hiyo haitashika moto?" Nikamjibu, "Mama, moto uko mbali." Mvuke ukatambaa sakafuni hadi kwenye makaa, ukalipuka, na moto ukamshika mama mikononi.

Nami ni mwalimu wa kemia! Kila mwaka nafundisha kwamba chembe za petroli zimeshikana kwa ulegevu, hivyo huruka hewani hata bila kupashwa moto, ilhali za mafuta ya alizeti ni kubwa, hushikana sana, hutulia ndani ya dumu. Siku ile nilikuwa na haraka tu.

Jana nilimwambia mama kwamba nakuandikia ukweli. Akasema, "Mwambie pia kwamba wewe ndiye uliyeuzima huo moto kwa mikono mitupu."

Sikutaka kuliandika hilo, lakini ameniagiza.

Mdogo wako,
Anuari